Malipo ya Uzeeni: Kazi ya Tom Mboya, na Sababu Mkulima Aliachwa Nje

Ofisi ya kilimo ni mahali pa kuulizia mbegu, mbolea na dawa ya kupe. Hata hivyo karani wa skimu huletewa karatasi za kila namna, maana watu hudhani kwamba mwenye kalamu anajua yote. Siku moja alifika mzee wa hapa kwetu, akafungua mkoba wake, akapanga karatasi zake juu ya meza yangu moja moja mpaka daftari langu la mbolea likafunikwa lote.

"Mwalimu," aliniambia (watu wa hapa huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kukalia meza hii), "mimi nilikatwa pesa ya uzee kila mwezi kwa miaka kumi na tisa, nikifanya kazi kiwandani Nairobi na kulala Makadara. Ndugu yangu alibaki hapa na ng'ombe, hakukatwa hata senti. Leo sote ni wazee. Nieleze, nani kati yetu aliyepata, na nani aliyeachwa?"

Swali hilo si la mzee huyo peke yake. Katika kila skimu kuna jamaa waliogawanyika hivyo: mmoja alikwenda mjini, mwingine akabaki na jembe. Ili tulijibu vizuri yatupasa turudi nyuma miaka sabini hivi, tuingie katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile inayoitwa Eastlands, na tumtazame mjumbe mmoja aliyetoka kwa wafanyakazi wa huko, marehemu Bwana Tom Mboya.

Mshahara wa mtu asiye na jamaa

Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Bahati, Muthurwa, Makongeni: mitaa hii iliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Pumwani ilianza katika miaka ya 1920, Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940. Muthurwa na Makongeni zilikuwa za watu wa reli. Nyumba nyingi za Eastlands zilikuwa za chumba kimoja, na mahali pengine mtu hakupangishwa chumba bali nafasi ya kitanda tu. Msomaji atauliza, mke na watoto walilala wapi? Hawakulala huko. Walikuwa mashambani kwao.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Waajiri na serikali ya kikoloni walihesabu mshahara kana kwamba mwanamume hana mke wala mtoto. Mke alilima mahindi yake, akalisha watoto, akamtunza mgonjwa aliyerudishwa kutoka mjini. Kwa hiyo jembe la mama ndilo lililomlipia mwajiri sehemu ya mshahara, ingawa hakuna aliyeliandika katika vitabu vya hesabu. Na mfanyakazi alipochoka hesabu ilikuwa ileile: arudishe ufunguo wa chumba, apande basi, arudi kwao. Uzee wake haukuwa shauri la mji.

Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Ilikuta kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni ya watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali na mashirika ya umma, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya na ya maisha ya heshima. Kamati ilishauri kwamba mshahara wa chini ugeuzwe pole pole, kutoka mshahara wa mtu mmoja hadi mshahara wa mtu na jamaa yake. Ilisema pia kwamba mfanyakazi hawezi kutulia mjini asipojua atakula nini akizeeka. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini taarifa ya kamati si sheria. Ni lazima apatikane mtu wa kuishika na kuitikisa mbele ya wenye mamlaka.

Bwana afya aliyekwenda Barazani

Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, lakini baba yake alikuwa ameajiriwa katika shamba hilo. Kwa hiyo alimjua kibarua wa shamba kabla ya kumjua karani wa mjini. Alisomea kazi ya afya huko Kabete, na mwaka 1951 akaandikwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi kuwa bwana afya.

Kazi ya bwana afya ni kuingia nyumba za watu. Huhesabu wanaolala katika chumba, hutazama vyoo na mifereji, hukagua maziwa na nyama. Nadhani kazi hiyo ilimfundisha mambo ambayo wajumbe wengi hujifunza kwa kusoma taarifa tu. Tena alijionea kwamba mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Mzungu aliyefanya kazi ileile. Akajenga chama cha wafanyakazi wa halmashauri, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa kijana wa miaka 23. Tarehe 24 Aprili, 1954, majeshi yalipozingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil na kuchukua watu kwa maelfu kutoka mitaa ya Eastlands, shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizoweza bado kusema hadharani, kwa kuwa vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipiga kura mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Walichaguliwa wanane, na Mboya alikuwa mjumbe wa Nairobi.

Hapa ni vizuri kueleza kazi ya mjumbe, maana hata leo hueleweka vibaya. Watu wengi humpima mjumbe kwa mchango alioutoa katika harambee au kwa karo aliyomlipia mtoto wa jirani. Huo ni ukarimu wake, lakini kazi yake aliyochaguliwa kuifanya ni kutunga sheria, kupitisha au kukataa matumizi ya fedha za serikali, na kumwuliza waziri maswali mpaka ajibu. Mfuko wa mjumbe huisha siku ileile. Sheria hukata mshahara na kulipa mzee hata baada ya mjumbe mwenyewe kufa.

Wale wanane wa 1957 hawakuwa na wingi wa kupitisha lolote. Walikataa hata vyeo vya uwaziri walivyopewa, kwa sababu hawakuikubali katiba ya wakati ule. Silaha yao ilikuwa hoja na swali. Lakini Aprili 1962 Mboya akawa Waziri wa Kazi katika serikali ya mseto, na Oktoba mwaka huo serikali, chama cha waajiri na shirikisho la wafanyakazi wakatia sahihi mapatano ya uhusiano kazini. Mwajiri alikubali kwamba chama cha wafanyakazi ni haki, na mfanyakazi alikubali kwamba ugomvi upite mezani kwanza kabla ya mgomo. Bila mapatano kama hayo ingekuwa vigumu kumwambia mwajiri atie fedha zake katika akiba ya uzeeni ya mtu mwingine.

Mwaka wa 1965

Baada ya Uhuru Bwana Mboya alikuwa Waziri wa Sheria, kisha kuanzia Desemba 1964 Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Mwaka 1965 alileta Bungeni Hati Nambari 10, juu ya Ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia katika mipango ya Kenya. Hati hiyo ilisema kwamba mojawapo ya desturi za Kiafrika zinazofaa kuhifadhiwa ni wajibu wa kila mtu kwa mwenzake: jamii imwangalie mtu wake, na mtu afanye bidii kwa ajili ya jamii.

Lakini alikuwa mtu wa hesabu. Hati ileile ilieleza kwamba nchi haiwezi mara moja kutoa shule bure, matibabu bure na malipo kwa kila asiye na kazi, maana mapato yote ya serikali yasingetosha. Kwanza nchi iongeze mazao, ndipo igawe. Hivyo msaada wa uzeeni usingetoka katika kodi. Ungetoka katika akiba ya mfanyakazi na mwajiri wake.

Mwaka huohuo wa 1965 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha hazina ya akiba ya uzeeni, ile ambayo kila mtu anaiita NSSF, nayo ikaanza kazi 1966. Si haki kusema kwamba Mboya aliianzisha peke yake. Sheria hiyo ilikuwa ya upande wa Wizara ya Kazi, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Bwana Ngala Mwendwa. Ila njia yake ndiyo ile iliyopendekezwa tangu siku za vyama vya wafanyakazi na kukubaliwa katika mipango ya 1965: mfanyakazi atoe sehemu, mwajiri atoe sehemu, na fedha zikae mahali pasipofikiwa na mwajiri.

Jambo moja lafaa lieleweke vizuri. Hazina ya 1965 haikuwa pensheni. Pensheni ni kama ng'ombe wa maziwa, mzee hukama kila mwezi mpaka afe. Akiba ya 1965 ilikuwa kama fahali wa kuuzwa: mzee alipewa fedha zake zote mara moja pamoja na faida, kisha basi. Yule mzee wangu wa Makadara alilipwa hivyo mwaka 2012, alipotimiza miaka 55. Fedha zile zilinunua mabati na ng'ombe mmoja. Mabati yapo.

Kwa nini mkulima aliachwa

Sasa tuje kwa ndugu yake aliyebaki shambani. Sheria ya 1965 ilikuwa na mlango mmoja, nao ni mwajiri. Mwajiri ndiye aliyekata, mwajiri ndiye aliyeongeza, mwajiri ndiye aliyepeleka. Mwenye shamba la skimu hana mwajiri. Nani angetia sehemu ile ya pili? Na nani angekusanya sehemu ya kwanza kutoka kwa maelfu ya watu ambao mwezi mmoja wana maziwa na mwezi mwingine hawana chochote?

Kulikuwa na fikira nyingine pia, ingawa haikusemwa wazi sana: mkulima ana ardhi, na ardhi ndiyo akiba yake ya uzeeni. Fikira hiyo ni ya kale, ndiyo ileile iliyomfanya mwajiri wa zamani kulipa mshahara wa mtu mmoja. Hebu tuipime kwa hesabu ya skimu yenyewe. Mpango wa makazi wa ekari milioni ulioanza 1962 ulikusudiwa kwa jamaa zipatazo 35,000. Mkopo wa ardhi ulikuwa wa kulipwa kwa miaka 30, pamoja na riba ya sita na nusu kwa mia. Mtu aliyeingia mwaka 1963 akiwa na miaka 40 alitazamiwa kumaliza deni mwaka 1993 akiwa na miaka 70. Kwa hiyo "pensheni" yake alikuwa bado anailipia siku ambayo mwenzake wa kiwandani alikwisha kupumzika miaka 15.

Wala wasomaji wasidhani kwamba Mboya alikuwa mpenzi wa skimu. Hati Nambari 10 ilisema kwamba fedha zilizotumiwa kuwahamishia watu katika mashamba ya Wazungu, zingetumiwa katika kupima, kuandikisha na kuendeleza ardhi ya Waafrika, zingewafaa watu mara 4 hadi 6 zaidi. Ni neno gumu kulisoma ukiwa umekaa katika ofisi ya skimu. Nimelisoma mara nyingi, na kwa hesabu ya fedha sioni kosa lake, lakini jamaa waliokuwa hawana hata mahali pa kuchimba kaburi hawangeweza kungoja hesabu hiyo.

Wako waliompinga wakati uleule. Bwana Bildad Kaggia, mjumbe wa Kandara, alidai ardhi kwa wasio na ardhi bila ya kutozwa bei, na mwaka 1964 aliondolewa katika cheo cha waziri mdogo. Mwezi wa Julai 1965 mtaalamu wa uchumi aitwaye Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliandika katika gazeti moja la Nairobi akiikosoa Hati Nambari 10 kwa kutotazama vya kutosha jinsi mali inavyogawanywa. Mabishano hayo hayakuisha. Tom Mboya alipigwa risasi katika barabara ya Nairobi ambayo sasa ni Moi Avenue, tarehe 5 Julai, 1969, akiwa na miaka 38. Wakati huo alikuwa mjumbe wa Kamukunji, jimbo la Eastlands.

Yaliyofuata

Kwa miaka mingi makato ya NSSF yalibaki madogo huku bei za vitu zikipanda. Kabla ya Februari 2023 mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2013, ikakaa mahakamani karibu miaka kumi, kisha ikaanza kutumika Februari 2023: asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, mpaka kiwango kilichowekwa. Sheria hiyo ilikusudia kugeuza akiba iwe pensheni ya kweli, ya kila mwezi.

Eastlands yenyewe imekuwa uwanja wa pensheni kwa namna ya ajabu. Nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni ziliwekwa chini ya mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa reli, ili mapato yake yawalipe wastaafu. Mwaka 2010 mfuko huo ulipotaka kuwaondoa wapangaji wa Muthurwa, wapangaji walikwenda mahakamani, na miongoni mwao walikuwamo watu waliozeeka katika vyumba vile. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa. Hivyo mzee mmoja wa reli alidai pensheni yake, na mwingine akadai paa lake, na vyote viwili vilikuwa katika kiwanja kimoja.

Kwa mkulima badiliko kubwa lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii. Haisemi kila mwenye mwajiri. Mpango wa fedha kwa wazee ulikuwa umeanza kwa majaribio mwaka 2006 na 2007 katika wilaya chache, na mwaka 2018 ukafunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ndio unaoitwa Inua Jamii. Fedha hizi hutoka katika kodi, jambo ambalo mwaka 1965 lilihesabiwa kuwa haliwezekani. Shilingi 2,000 si nyingi, na mara nyingine malipo huchelewa kisha huja ya miezi miwili pamoja. Lakini zinamfikia mama aliyelima maisha yake yote na jina lake halikuwahi kuandikwa katika kitabu cha mwajiri yeyote. Asiyeandikishwa hapati. Kwa hiyo mwenye miaka 70 na aende kwa chifu akiwa na kitambulisho chake, na aulize ni lini wanaandika majina.

Kwa walio vijana bado kuna njia ya kuweka wenyewe. NSSF ilianzisha mwaka 2019 mpango uitwao Haba Haba kwa watu wanaojiajiri, ambao mtu huweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Hiyo ni kama bei ya nusu lita ya maziwa. Hakuna mwajiri wa kuongeza sehemu ya pili, na hilo ni pungufu lisilofichika.

Liko na jambo ambalo wakulima wengi hawapendi kulisikia. Sheria ya 2013 inamhesabu mtu kuwa mwajiri hata akiwa ameajiri mtu mmoja tu. Mkulima wa skimu aliyemwandika mchungaji au mkamaji kwa mshahara wa mwezi yampasa amwandikishe NSSF, amkate sehemu yake na kuongeza ya kwake. Nimeliuliza jambo hili katika mikutano miwili ya ushirika, na mara zote mbili watu walitazama chini.

Nirudi kwa mzee wangu. Tulizipitia karatasi zake pamoja mpaka saa sita. Alifanya kazi kuanzia 1979 mpaka 1998, lakini taarifa ya hazina ilionyesha makato ya miaka 13 tu. Miaka sita alikatwa, na fedha hazikupelekwa. Kiwanda hicho hakipo tena. Alikuwa amehifadhi barua ya kuandikwa kazi, pamoja na karatasi za mshahara za baadhi ya miezi hiyo, na makato yanaonekana wazi kwa wino wa buluu. Nilimwambia azipeleke katika ofisi ya NSSF, au kwanza Huduma Centre iliyo karibu, aombe taarifa kamili ya hesabu yake na aandikishe malalamiko, wala asimwachie mtu karatasi za asili bali nakala tu.

Ana miaka 68. Ndugu yake ana 73, naye hupokea zile 2,000 tangu alipoandikishwa. Sehemu hununua chumvi ya ng'ombe, sehemu sukari, na mara moja alimkopesha huyu wa Makadara nauli ya kufuatilia fedha zake mwenyewe. Nilimweleza kwamba kwa hesabu za serikali yeye alipata kwanza na ndugu yake akaachwa, na sasa ndugu yake anapata naye anangoja miaka miwili. Alifikiri kidogo. Kisha akakusanya karatasi zake, akazirudisha mkobani kwa utaratibu uleule, akauliza kama dawa ya kupe imefika. Ilikuwa imefika asubuhi ile.